Hukumu Iliyotolewa Pasipo Taarifa

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri iliniagiza nizungumze juu ya jambo ambalo limewaleta wanachama kadhaa mlangoni mwa ofisi yetu, wengine wakiwa na machozi. Jambo lenyewe ni hukumu za fidia kwa ajili ya ajali za motokaa, zinazotolewa mahakamani huku mtu aliyehukumiwa hana habari hata kidogo kwamba alishitakiwa. Mimi si wakili, wala sikusudii kukaa katika kiti cha wakili. Kazi yangu ni kuandika barua na kutunza majalada. Walakini majalada hayo yana mafunzo, na si haki mafunzo hayo yafungiwe kabatini.

Nitasema juu ya mambo manne: jinsi hukumu ya namna hii inavyozaliwa, jinsi inavyoweza kupingwa, mahali ambapo kuipinga hakufai, na mwisho, yale yatupasayo sisi kama chama.

Kabla ya hayo, natuukumbuke msingi wenyewe. Wazee mlioko hapa mmeamua mashauri mengi ya mipaka na ya ng'ombe. Hakuna hata mmoja wenu aliyepata kukata shauri mtu mmoja akiwa amesema na mwenzake akiwa hajaitwa. Mwajua ya kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Nikodemo katika Injili ya Yohana, sura ya 7, jinsi alivyowauliza wakubwa wenzake kama ni desturi ya torati kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa uadilifu na hadharani. Basi desturi, Maandiko na Katiba vyasema neno moja. Lakini mtu hawezi kusikilizwa asipoitwa. Ndiyo sababu karatasi ile ndogo iitwayo samansi ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sasa tuone hukumu ya upande mmoja inavyozaliwa.

Ajali hutokea. Majeruhi hupelekwa hospitali, polisi huandika habari katika kitabu chao, na pengine dereva hushitakiwa kwa kosa la trafiki akatozwa faini. Wengi hudhani mambo yamekwisha hapo. Hayajakwisha. Shitaka la trafiki ni la Serikali juu ya dereva. Fidia ni madai ya majeruhi mwenyewe juu ya dereva na mwenye gari, na sheria yampa majeruhi miaka 3 tangu siku ya ajali kuyafungua madai hayo. Katika miaka 3 mtu aweza kuhama nyumba, kubadili namba ya simu, kustaafu na kurudi shambani, au kuliuza gari.

Hapa pana mtego wa pili. Sheria ya Trafiki, katika kifungu cha 8, yasema kwamba mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake atahesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiliuza gari, ukapokea fedha, ukampa mnunuzi ufunguo, lakini jina halikuhamishwa, wewe ndiwe mwenye gari machoni pa wakili anayetafuta mtu wa kushitaki. Yeye huomba habari za usajili, akaletewa jina lako, akaliandika katika hati ya madai.

Baada ya madai kufunguliwa, mahakama hutoa samansi. Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010, katika Amri ya 5, zaeleza jinsi samansi inavyopelekwa. Mdaiwa mwenyewe ndiye wa kukabidhiwa, kila inapowezekana. Asipopatikana, yaweza kupewa wakala wake mwenye mamlaka, au mtu mzima wa jamaa yake anayekaa naye. Ikishindikana kabisa baada ya kutafuta kwa bidii, yaweza kubandikwa mlangoni pa nyumba anamokaa. Kwa idhini ya mahakama, yaweza kutangazwa gazetini. Na tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu pia kupeleka samansi kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Kisha aliyeipeleka hula kiapo cha maandishi, akieleza siku, saa na mahali alipoipeleka, na jina la mtu aliyemwonyesha mdaiwa, kama alikuwapo.

Kiapo hicho ndicho kinachoibeba hukumu. Mdaiwa asipojitokeza katika siku zilizoandikwa, mdai huomba hukumu kwa kukosa majibu, na mahakama huitoa kwa kukitegemea kiapo hicho. Katika madai ya kuumia mwilini hukumu ya kwanza huamua tu kwamba mdaiwa ana lawama. Baadaye mdai huja na karatasi za daktari, na hakimu hukadiria fidia. Yote hayo hufanyika huku mdaiwa anapalilia mahindi yake kwa amani. Kama kiapo ni cha kweli, hana wa kumlaumu. Kama kiapo ni cha uongo au cha uvivu, jumba zima limesimama juu ya mchanga.

Ndugu zangu, nitawaeleza habari ya mwanachama mmoja, ambaye ameniruhusu kuisema pasipo kumtaja jina. Ni mzee aliyekuwa mwalimu. Aliiuza pikapu yake kwa mapatano ya maandishi, mashahidi wakatia sahihi. Mnunuzi aliahidi kuhamisha jina, asihamishe. Zaidi ya mwaka baadaye gari lile lilimgonga mama mmoja muuza mboga kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, akavunjika paja. Mzee hakuwa na habari. Alikwisha kuiacha nyumba aliyopanga mjini na kurudi nyumbani kwake.

Siku moja dalali wa mahakama alifika bomani na karatasi. Akaandika ng'ombe watatu, mashine ya kusaga mahindi na viti vya sebuleni, akamwambia mzee kwamba ana siku 7 za kulipa, la sivyo vitu hivyo vitachukuliwa vikauzwe. Mke wake alidhani mumewe alikuwa na deni la siri. Nyumba ikaingia ubaridi kwa deni ambalo mzee mwenyewe hakulijua.

Alifika ofisini kesho yake asubuhi. Hatua zilizofuata nazitaja kwa utaratibu, kwa maana aweza kuzihitaji mtu mwingine.

Hatua ya kwanza ilikuwa kwenda masijala ya mahakama kulisoma jalada. Namba ya shauri huandikwa katika karatasi za dalali. Humo tulikiona kile kiapo. Kilisema mzee alikabidhiwa samansi kwa mkono wake mwenyewe, katika nyumba ile ya mjini, katika mwezi ambao alikwisha kuhama. Tukachukua nakala. Mtu hawezi kupinga asichokisoma.

Hatua ya pili ilikuwa kumwona wakili siku ile ile. Wakili alipeleka ombi la haraka lenye maneno mawili: kwamba utekelezaji wa hukumu usimamishwe, na kwamba hukumu yenyewe itenguliwe. Ombi la kutengua hupelekwa katika mahakama ile ile iliyotoa hukumu, chini ya Amri ya 10 ya kanuni nilizozitaja. Wengi hukimbilia rufani, kumbe mlango wa kwanza uko pale pale.

Hatua ya tatu ilikuwa ushahidi. Mzee alikula kiapo akaeleza habari zake, akaambatisha barua ya mwenye nyumba juu ya mwezi aliohama, na mapatano ya kuuza gari. Wakili aliambatisha pia rasimu ya majibu ya madai. Hili msilisahau. Haitoshi kumwambia hakimu kwamba hukuitwa. Ni vizuri umwonyeshe pia kwamba ungaliitwa ungalikuwa na neno la kusema.

Wakili akaona na kasoro nyingine. Pale hukumu inapotolewa kwa kukosa majibu, kanuni katika Amri ya 22 zataka mdaiwa apewe taarifa isiyopungua siku 10 kwamba hukumu imeingizwa, kabla mali yake haijaguswa. Nakala ya taarifa hiyo yapaswa kuwekwa jaladani pamoja na ombi la kwanza la utekelezaji. Katika jalada la mzee haikuwamo.

Hakimu alisimamisha utekelezaji kwa muda, akaziita pande zote mbili. Aliyepeleka samansi aliitwa naye, kwa maana mahakama ina uwezo wa kumhoji kwa kiapo. Alipoulizwa nani alimwonyesha mzee, hakuwa na jina la kutaja. Alipoulizwa mzee ni mtu wa namna gani, alimweleza mtu mwingine kabisa. Hukumu ikatenguliwa. Shauri likaanza upya, na mnunuzi wa gari akaingizwa ndani yake.

Hapo, Bwana Mwenyekiti, ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Siku ile ukumbini mwa mahakama mama aliyeumia alikuwapo, akitembea kwa mkongojo. Alimjia mzee wetu akamwambia, "Mzee, mimi sikukujua. Nililetewa jina lako tu." Mama huyu alikuwa ameshinda, akangoja fedha, kisha akaambiwa ushindi wake si ushindi. Baadaye ilionekana kwamba mnunuzi alikuwa na bima halali siku ya ajali, na kampuni yake ikapatana na wakili wa mama. Kama samansi ingalipelekwa ipasavyo tangu mwanzo, mzee angalisema mapema, "Gari si langu, mwenyewe ni fulani," na mama angalilipwa miaka miwili mbele. Kwa hiyo taarifa si ngao ya mdaiwa peke yake. Hukumu iliyopatikana bila taarifa ya haki ni mzigo kwa aliyeshindwa na kwa aliyeshinda pia.

Sasa nieleze jinsi mahakama inavyolipima ombi la kutengua, maana hapa watu wengi hukosea.

Kuna hukumu za aina mbili. Aina ya kwanza ni ile ambayo mdaiwa hakupelekewa samansi ipasavyo. Hukumu hiyo ina kasoro tangu kuzaliwa kwake, na Mahakama ya Rufani ilipokaa Mombasa mwaka 2016 ilieleza kwamba hukumu ya namna hiyo hutenguliwa kwa kuwa ni haki ya mdaiwa, wala si fadhila.

Aina ya pili ni ile ambayo samansi ilifika sawasawa, lakini mdaiwa hakujibu. Hapo kutengua ni kwa hiari ya hakimu, naye huiongoza hiari yake kwa haki. Hutazama sababu ya kuchelewa, muda uliopita, kama kuna utetezi wenye hoja, na madhara yatakayompata mwenzake. Katika shauri la Shah na Mbogo, lililoandikwa katika ripoti za sheria za Afrika Mashariki za mwaka 1967, ilielezwa kwamba uwezo huu upo ili kuepusha dhuluma inayotokana na ajali, kusahau au kosa lenye kusameheka. Haupo kumsaidia mtu anayeikwepa au kuichelewesha haki kwa makusudi. Na katika shauri la Patel na kampuni ya East African Cargo Handling Services, la mwaka 1974, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba utetezi hauhitaji kuwa ule ambao lazima utashinda. Yatosha uwe na hoja inayostahili kusikilizwa. Mashauri hayo yangali yakitajwa mahakamani hata leo.

Hakimu aweza pia kuweka masharti. Aweza kumwagiza mdaiwa alipe gharama alizoingia mwenzake bure, au aweke fedha za dhamana mahakamani. Msishangae mkiyasikia, wala msiyapuuze. Sharti lisipotimizwa, ruhusa huondoka.

Nafika mahali ambapo kupinga hakufai. Kuna mtu ambaye hupewa samansi, akaitia mtotoni mwa meza akingoja isahauliwe, kisha dalali anapofika hukimbia kusema, "Sikuarifiwa." Mtu huyu hatetei haki yake, anakula kiapo cha uongo, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Ofisi ya chama haitamwandikia barua. Kuna na yule aliyepata habari za hukumu, akakaa miezi mingi bila kufanya neno. Huyu naye hujifungia mlango, kwa maana hakimu atamwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Na tusimsahau mtu aliyelala hospitali mguu ukiwa umefungwa plasta. Kama wewe ndiwe uliyemgonga, na lawama ni yako, hukumu ile ni haki yake. Kumchelewesha kwa hila ni kumwumiza mara ya pili.

Bwana Mwenyekiti, yaliyobaki ni yatupasayo. Halmashauri yanituma niwawekee mambo sita.

La kwanza: auzaye gari ahakikishe jina limehamishwa kabla hajatoa ufunguo. Siku hizi uhamisho hufanywa katika mtandao wa Serikali wa eCitizen. Asiyeweza kuutumia aje ofisini, vijana wetu watamsaidia. Na mapatano ya kuuza yasitupwe, hata baada ya miaka mingi.

La pili: ajali ikitokea, kampuni ya bima ipewe habari mara moja kwa maandishi, hata kama majeruhi amesema amesamehe. Samansi ikifika, nakala ipelekwe kwa bima siku ile ile, na mwenye kuipeleka adai sahihi ya mapokezi. Jueni pia kwamba, tangu sheria ya bima ya magari iliporekebishwa mwaka 2006, wajibu wa bima kwa madai ya mtu mmoja una mpaka wa shilingi 3,000,000. Kinachozidi hapo chaweza kurudi kwa mwenye gari.

La tatu: samansi isikataliwe. Kukataa kutia sahihi hakuizuii. Hukuharibia jina tu. Ipokee, andika juu yake siku na saa, kisha hesabu siku ulizopewa kuanzia hapo.

La nne: kila mwanachama aandikishe katika daftari la chama anwani yake, namba ya simu, na jina la jamaa mmoja anayejua aliko. Ahamapo, alete mabadiliko. Karatasi nyingi hupotea kwa sababu hakuna ajuaye mwenyewe yu wapi. Na kijana au mjukuu akipokea karatasi ya mahakama kwa niaba ya mzee, asiiweke chini ya godoro akingoja Jumapili. Aitume habari siku ile ile.

La tano nawaambia hasa wale walioumia katika ajali, maana hao nao ni wanachama wetu. Ukifungua madai, mpe wakili wako habari za kweli juu ya mdaiwa na mahali anapokaa. Mwulize samansi imepelekwa wapi, na nani aliyemtambulisha mdaiwa. Usifurahie kwamba mwenzako hakufika. Hukumu iliyopatikana mbele ya pande mbili hukaa. Ile ya upande mmoja yaweza kukuponyoka siku unayokwenda kuipokea fedha yake.

La sita ni ombi kwa mkutano huu. Halmashauri yaomba ruhusa ya kutenga sehemu ya mfuko wa ustawi iwe mkopo wa haraka kwa ada za mahakama, kwa mwanachama ambaye dalali amefika kwake na ambaye jalada laonyesha kweli hakuarifiwa. Mkopo urudishwe kidogo kidogo. Siku 7 ni chache, na mzee niliyemtaja alichangiwa na majirani. Mwingine huenda asiwe na majirani wa namna hiyo. Natumaini wazee mtalitazama ombi hili kwa huruma, na kwa hadhari pia, maana fedha ni za wote.

Ndugu wanachama, mahakama si adui, wala tusiiogope kama mwitu wa usiku. Ina milango, na kila mlango una siku zake za kufunguliwa. Mtu aliyehukumiwa pasipo kuitwa ana haki ya kurudi na kusema, "Nisikilizeni na mimi." Aiseme haki hiyo mapema, aiseme kwa kweli, na awe na karatasi zake mkononi.

Mungu akibariki chama chetu, na awalinde wote wasafirio katika barabara zetu.